Mfuko chini ya kitanda: kwa nini tunadai mionzi ipimwe ndani ya nyumba za Masisi na Walikale



Leo hatukuja kusema juu ya masasi. Masasi tunayajua wote, hakuna wa kumfundisha mwenzake. Tumekuja kusema juu ya kitu kisicho na mlio, kisicho na harufu, kisicho na rangi, kinacholala pamoja na watu wetu kule Rubaya, Ngungu, Njingala na Mubi. Wengi wenu mmetoka huko. Wengine wazazi wenu wangali huko.

Tufuate mfuko mmoja wa koltani. Ukitoka shimoni Masisi, unapimwa kilo. Ukifika kwa mnunuzi, anapima tena, anatafuta ni asilimia ngapi ya tantalumu iko ndani, sababu bei inatoka hapo. Ukifika kwenye nyumba kubwa za ununuzi, zile tunaita komptwari, wanauelekezea kile chombo kinachofanana na bastola, kinachosoma madini ndani ya jiwe. Chombo hicho hakisomi tantalumu tu. Kinaweza kusoma uraniumu na thoriumu pia. Na mbele mfuko upakiwe melini, unapimwa mionzi. Kanuni za kimataifa za usafirishaji zinasema wazi: madini ya asili yenye uraniumu na thoriumu yakipita bekereli 10 kwa gramu moja, yanasafirishwa kama mzigo wa daraja la 7, ni kusema mzigo wa mionzi, na karatasi zake na alama zake.

Basi mnunuzi amelindwa. Baharia amelindwa. Mfanyakazi wa kiwanda kule ng'ambo amelindwa. Hata ushuru unapimwa: wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba baada ya M23 kuchukua Rubaya mwaka 2024, ushuru wa koltani uliiingizia karibu dola 800,000 kila mwezi. Kila mtu anayegusa ule mfuko ana kipimo chake.

Sasa je, chumba ambamo mtoto alilala kando ya mfuko ule ule, nani alikipima?

Hilo ndilo swali letu la leo, na hatutaliacha mpaka lijibiwe.

Ndani ya jiwe kuna nini

Koltani ni jina la mkato la madini mawili yanayokaa pamoja, kolumbiti na tantaliti. Ndani yake uraniumu na thoriumu hujificha kwa kiasi kidogo. Haikuwekwa na mtu; ni asili ya jiwe lenyewe. Walikale inajulikana zaidi kwa kasiteriti, tangu wachimbaji walipoingia Bisie mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuanza kubeba mifuko ya kilo 50 mgongoni, siku mbili msituni mpaka Njingala. Lakini kasiteriti na koltani ni majirani, mara nyingi zinatoka kwenye ardhi moja, na mchanga mweusi unaobaki nyuma mara nyingi umechanganyika.

Mnamo 2007 watafiti watatu, Mustapha, Mbuzukongira na Mangala, walichapisha kazi yao juu ya wachimbaji wa koltani wa mashariki ya nchi yetu katika jarida la kisayansi la ulinzi dhidi ya mionzi. Walipiga hesabu ya kila hatua ya kazi: kuchimba, kuosha, kusaga, kuchekecha. Hatua iliyotisha zaidi haikuwa kuchimba. Ilikuwa kusaga na kuchekecha, sababu ya vumbi linaloingia mapafuni. Dozi ya wanaofanya kazi hiyo iliweza kufika milisiverti 18 kwa mwaka.

Milisiverti 18 ni nyingi ao ni kidogo? Tulinganishe. Kila binadamu duniani anapata mionzi ya asili kutoka ardhini, angani na hata kwenye chakula, wastani wa milisiverti 2.4 kwa mwaka. Juu ya hiyo, mapendekezo ya kimataifa yanasema raia wa kawaida asiongezewe zaidi ya milisiverti 1 kwa mwaka. Mfanyakazi wa kazi za mionzi, yule wa hospitali ao wa kinu cha nyuklia, anaruhusiwa wastani wa 20, lakini huyo anavaa kipimo kifuani, ana daktari wake, ana daftari lenye jina lake. Mama anayetwanga koltani Masisi anaweza kukaribia dozi ya mtu wa kinu cha nyuklia, bila kipimo, bila daktari, bila daftari. Na akitwangia uani, vumbi haliulizi nani ni mfanyakazi na nani ni mtoto wa jirani.

Njia tatu

Hii mionzi inaingia mwilini kwa njia tatu, na tukizichanganya hatutajua la kufanya.

Ya kwanza ni mionzi inayotoka kwenye mfuko na kupita hewani. Hiyo inapungua haraka ukisogea mbali. Ukiwa mbali mara mbili, inashuka mpaka karibu robo. Njo maana mfuko chini ya kitanda na mfuko kwenye depo ya nje si kitu kimoja, hata kama ni mfuko ule ule.

Ya pili ni vumbi. Kuna mionzi ambayo hata ngozi yako inaizuia. Lakini ukiivuta ndani, hakuna ngozi tena. Inakaa mapafuni na kufanya kazi yake polepole. Vumbi hilo hilo mara nyingi lina silika, ile inayoharibu mapafu ya wachimbaji dunia nzima na kuwafungulia kifua kikuu mlango.

Ya tatu ni radoni. Uraniumu inapooza, mwishowe inatoa gesi isiyoonekana wala kunuka. Nje, upepo unaitawanya. Ndani ya chumba kidogo kilichofungwa usiku kucha sababu ya baridi ya Masisi na ya wezi, inaweza kujikusanya. Shirika la Afya Duniani linasema radoni ni sababu ya pili ya saratani ya mapafu baada ya tumbaku, na linashauri nyumba isipite bekereli 100 kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa.

«Na zile waya za umeme?»

Vijana wa mjini mnatuuliza sana swali hili: waya kubwa za umeme zinazopita juu ya nyumba, haziko na mionzi? Tulijibu, sababu swali ni zuri, na jibu lake linasaidia kuelewa jiwe.

Waya inayopitisha umeme inazungukwa na uga wa sumaku. Unapimwa kwa mikrotesla. Mwaka 2002 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuweka kwenye kundi la vitu ambavyo «huenda» vinasababisha saratani, kufuatana na tafiti za leukemia ya watoto katika nyumba ambazo wastani ulipita mikrotesla 0.3 ao 0.4. Tangu wakati huo neno «huenda» liko pale pale. Uga huo unapungua haraka ukiondoka karibu na waya, na umeme ukikatika, nao unaisha. Sisi tunaojua kukatika kwa umeme, tunaelewa hilo vizuri!

Mionzi ya koltani ni ya aina nyingine. Ina nguvu ya kuvunja chembe ndani ya mwili, na juu yake hakuna tena «huenda»: shirika lile lile limeiweka, pamoja na radoni, kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyosababisha saratani kwa hakika. Na haina swichi. Mfuko hauzimiki usiku.

Tena, nyumba nyingi za Masisi na Walikale hazijawahi kuona hata hiyo waya. Haiwezekani tuwaambie waogope umeme ambao Leta haijawaletea, halafu tunyamaze juu ya mfuko ulio ndani.

Na tafadhali, msipime na programu za simu. Nyingi ya zile programu zinazoitwa za kupima mionzi zinatumia kihisi cha sumaku kilicho ndani ya simu. Hapa kwetu zitakuonyesha mikrotesla thelathini na kitu hata ukiwa katikati ya msitu wa Walikale, sababu hiyo ni sumaku ya dunia yenyewe. Ukikaa juu ya mawe ya Nyiragongo, namba inaweza kuruka, sababu lava ina chuma. Kijana anapiga picha ya ile namba, anaituma kwenye makundi ya simu, kartye nzima inaogopa. Ile si kupima. Ni kutisha watu. Simu yako ina tantalumu ndani, pengine ya Rubaya, lakini haiwezi kukuambia jiwe lile lilimfanya nini aliyelitwanga.

Kupima kunafanyika namna gani

Kupima si uchawi, na hakuhitaji mzungu. Kunahitaji kifaa cha Geiger kilichohakikiwa, daftari, saa, na mtu mwenye subira.

Kwanza unapima nje, mbali na mfuko wowote, ili ujue mionzi ya asili ya pale mahali. Kila ardhi ina yake, na ya milima yetu si ya pwani. Halafu unaingia, unaweka kifaa pale ambapo kichwa cha mtu kinalala, unangoja dakika kumi ao zaidi, unaandika. Unapima katikati ya chumba, kwenye urefu wa mita moja. Halafu, kama mwenye nyumba anakubali, mfuko unatolewa nje, na unapima tena pale pale. Tofauti ya namba hizo mbili, hiyo ndiyo sauti ya mfuko.

Tuchukue mfano wa hesabu, mfano tu. Tuseme kando ya kitanda kifaa kinaonyesha mikrosiverti 0.5 kwa saa juu ya ile ya nje. Mtu analala saa 8. Kwa mwaka ni saa 2,920. Zidisha: mikrosiverti 1,460, ni kusema karibu milisiverti moja na nusu. Amepita kiasi cha raia wa kawaida akiwa amelala tu, mbele ya kuvuta vumbi hata kidogo. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kupiga hesabu hiyo. Kinachokosekana ni ile namba ya kwanza.

Kifaa cha Geiger hakipimi kila kitu. Radoni ina vipimo vyake vidogo vya kuacha ndani ya nyumba kwa miezi kama mitatu, kisha vinasomwa maabara. Vumbi linahitaji pampu na chujio. Kwa hiyo tunahitaji watu waliosoma. Na hapo tunajitazama sisi wenyewe. Tuko wangapi hapa wenye diploma ya fizikia, ya kemia, ya jeolojia, ya afya ya umma, tunaozunguka na bahasha miaka nenda miaka rudi? Kazi iko, ndugu zangu. Haina mshahara kwa sababu hakuna aliyetaka ifanywe.

Wengine wamekwisha kuifanya. Kolwezi, nchi hii hii, kartye ya Kasulo: mwaka 2014 kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za watu, na wakaazi wakaanza kuchimba ndani ya viwanja vyao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walipima mkojo na damu ya waliokuwa wakiishi pale, na vumbi la nyumba zao. Mwaka 2018 walichapisha: kobalti ilikuwa juu sana, zaidi kwa watoto. Tangu hapo hakuna anayeweza kusema «hatukujua». Na Japani, baada ya ajali ya Fukushima ya mwaka 2011, raia wa kawaida walianzisha Safecast: walifunga vifaa kwenye magari, wakapima barabara kwa barabara, wakachora ramani iliyo wazi kwa kila mtu. Hawakungoja serikali iwape ruhusa ya kujua.

Hofu tunazosikia

Wazee wanatuambia: «Batoto, hii mawe tunalala nayo tangu zamani, iko na shida gani?» Tunawaheshimu, na tunawajibu hivi: bei ya koltani ilipopanda mwaka 2000, mifuko ilijaa majumbani. Watoto waliozaliwa mwaka ule leo wako rika letu. Saratani ya mionzi inaweza kungoja miaka kumi, ishirini, zaidi. Kwa hiyo kusema «mpaka leo hatujaona kitu» hakutoshi, hasa pale ambapo mtu anakufa kwa kikohozi na hakuna aliyetafuta sababu.

Wengine wanasema: mkipiga kelele, wazungu watafunga soko, tutakufa njaa. Hofu hiyo ina mzizi. Septemba 2010 Rais Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu mbili na Maniema mpaka Machi 2011, na mwaka ule ule Marekani ilipitisha sheria juu ya madini ya vita. Waulizeni watu wa Walikale kilichofuata: ndege hazikuja, chumvi na sabuni zikapanda bei, watoto wakarudishwa kutoka shule. Wenye silaha walijua njia zao. Aliyelipa ni mchimbaji.

Kwa hiyo tuseme wazi, isije ikageuzwa: hatudai mashimo yafungwe. Tunadai mfuko utoke chumbani. Hatusemi koltani ni bomu, hatusemi mtu wa Rubaya anaambukiza, hatusemi kila ugonjwa wa Masisi ni mionzi. Anayesema hivyo haongei kwa jina letu. Tunapima ili tujue nyumba gani ina shida na nyumba gani haina, na zile zisizo na shida zilale kwa amani.

Hofu ya tatu ni ya usalama, na hiyo hatuichezei. Kule kifaa mkononi kinaweza kukuletea maswali kwa mtu mwenye bunduki. Basi hakuna kijana wa harakati hii atakayetumwa na kifaa kwenye mashimo. Tutaanza pale ambapo familia yenyewe inatuita. Hakuna jina la familia litakaloandikwa, hakuna picha ya nyumba, hakuna alama ya ramani itakayoonyesha mlango wa mtu. Namba ni mali ya mwenye nyumba kwanza. Ataambiwa yeye mbele ya mwingine yeyote.

Tunachodai

Kinshasa ilipata kinu chake cha utafiti wa nyuklia mwaka 1959. Uraniumu ya Shinkolobwe ilitumika kwenye bomu la Hiroshima. Nchi yenye historia hiyo haiwezi kusema haina ujuzi wa mionzi. Sheria ya ulinzi dhidi ya mionzi iko tangu 2002, na kamati ya taifa inayohusika, CNPRI, iko. Kwa hiyo:

Tunadai CNPRI ituletee vifaa vilivyohakikiwa na ifundishe vijana wa Masisi na Walikale kuvitumia, kwa kupitia maeneo ya afya ambayo yangali yanafanya kazi.

Tunadai CEEC na komptwari zote zitoe namba za uraniumu na thoriumu ambazo vyombo vyao vinaweza kusoma tayari, mahali kwa mahali. Kubandika karatasi ukutani hakugharimu makuta.

Tunadai wanunuzi, mpaka kampuni za simu na kompyuta zilizo mwisho wa mnyororo, walipie depo za nje katika kila kijiji cha uchimbaji, zenye kufuli na zenye hewa, ili mtu asilazimike kulala na mfuko wake kwa kuogopa wezi.

Tunadai vituo vya afya viandike kazi ya mgonjwa wa mapafu kwenye daftari: anatwanga? anachekecha? mfuko unalala wapi? Maneno matatu tu.

Na kwa yeyote anayekusanya ushuru kwa nguvu ya bunduki: unajua kuhesabu kilo. Historia nayo inahesabu.

Cha kufanya leo jioni

Hatutangoja mpaka madai yajibiwe. Pigeni simu nyumbani leo. Waambieni hivi, kwa Kiswahili, kwa Kihunde, kwa Kinyanga, kwa Kinyarwanda, kwa lugha ya mama:

Mfuko usilale chumbani. Kama hakuna depo, uwekwe kwenye kibanda cha nje, ao upande wa mbali kabisa na vitanda.

Msitwange ndani. Twangeni nje, mkiangalia upepo unaelekea wapi, na mnyunyizie maji vumbi lisiruke.

Kinu cha koltani kisitwange mihogo. Chekecheo nacho vivyo hivyo.

Nawa mikono na uso kabla ya kula. Nguo za kazi zisiingie kitandani, na zifuliwe mbali na za watoto.

Mama mwenye mimba na watoto wakae mbali na kutwanga na kuchekecha. Huo ni uangalifu, si anasa.

Mchanga unaobaki usijengee nyumba. Na mchana fungueni mlango na dirisha, hewa izunguke.

Hayo yote hayahitaji dola wala ruhusa ya mkubwa.

Wandugu, wanaopima kilo zetu wanajua thamani ya jiwe hadi kwenye nukta. Ni haki yetu kujua thamani ya pumzi yetu kwa usahihi ule ule. Wenye diploma waandike majina yao hapa mbele, kila mmoja na alichosoma. Wenye jamaa Rubaya, Ngungu, Njingala ao Mubi wabaki kidogo baada ya mkutano. Tutahitaji familia za kwanza zitakazokubali mlango wao ufunguliwe. Kifaa cha kwanza tutakitafuta kwa kuchangishana, elfu kwa elfu, franga kwa franga.

Kazi ianze.